Makalavati ya Uluguru na Barua Zilizolala

Wasomaji wetu wengi wa Morogoro wamepata kuona barabara imebonyea palipo kalavati. Wakapunguza mwendo, wakapita, wakasahau. Twawaomba leo wasisahau. Kibonyeo kile kidogo cha juu mara nyingi ni alama ya shimo kubwa lililo chini.

Kalavati la zege haliharibiki kwa siku moja. Maji yashukayo Uluguru, hasa upande wa mashariki wenye mvua nyingi, Kinole na Matombo, huja na mchanga na mawe, nayo husugua sakafu ya bomba hata nondo zikaonekana. Nondo hushika kutu, kutu huvimba, ikaipasua zege iliyobaki. Baya zaidi ni maungio. Yakiachana, maji hupenya na kuchukua udongo kidogo kidogo, hata barabara ikabaki juu ya pango. Mwenye lori la ndizi hana habari mpaka gurudumu limezama.

Dawa yake yajulikana. Maji huzuiwa kwa viroba vya mchanga na kugeuziwa njia, tope likazolewa ili mtu aone. Zege iliyolegea hugongwa ikatoka, nondo zikasuguliwa kutu, na mahali pale pakazibwa kwa saruji na mchanga. Maungio nayo huzibwa, na pango la nje hujazwa uji wa saruji. Maana kuziba ufa na kuliacha pango ni kazi bure. Sakafu iliyolika humwagiwa zege mpya. Bomba lililopasuka sana, lakini halijapoteza umbo, laweza kutiwa bomba jembamba ndani yake na nafasi iliyo baina yao kujazwa saruji, pasipo kuichimba barabara. Walakini njia ya maji hupungua, na kwa kijito cha mlimani yapasa kupima kwanza, isije mvua ikapita juu ya barabara.

Lakini fundi haendi asikotumwa, na hapa ndipo tuingiapo sisi makarani. Zamani kazi hii ilikuwa ya P.W.D.; tangu mwaka 2000 barabara kuu na za mikoa zi mikononi mwa TANROADS, na tangu 2017 zile za vijijini na mijini zi mikononi mwa TARURA. Majina yamebadilika, kapu la barua ni lile lile. Twakiri kosa letu: katika ofisi moja tusiyoitaja tulipokea taarifa ya ufa mwezi wa Oktoba, tukaigonga muhuri, tukailaza chini ya madai ya posho. Ilisomwa Aprili, kalavati limekwisha kwenda na maji, na mama mwenye uchungu wa uzazi amevushwa kwa machela.

Machi 2020 maji yalipoikata barabara kuu ya Dodoma pale Kiyegeya, nchi nzima ilisikia. Njia ya Tegetero ikikatika, nani asikia?

Kwa hiyo twashauri kila kituo kiwe na daftari la makalavati: namba, mahali, tarehe ya kukaguliwa, na lililoonekana. Yakaguliwe baada ya masika, maji yakiwa machache na mtu aweza kuinama akachungulia ndani, na tena kabla ya vuli. Taarifa ya ufa na ipelekwe kwa mhandisi siku ile ile ipokewapo. Wenzetu walio nazo makapuni sasa, tafadhali wazitoe juma hili.