Kabla ya kumwita mvivu, mtafutie sababu

Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutangazwa na Baraza la Mitihani la Taifa (NECTA) mwishoni mwa Januari. Februari ikiingia, kliniki zetu hapa Arusha huanza kupokea watu wawili wawili: mzazi aliyenuna na kijana anayetazama viatu vyake. Mzazi ndiye huanza: "Daktari, mpime huyu. Analala mchana kutwa, kitabu hataki, kazi hataki. Miaka minne tumelipa ada, ametuletea sifuri."

Wiki hii nazungumza na wazazi hao, walioko Sakina, Ngaramtoni, Usa River na kule juu kwenye migomba na kahawa ya Meru. Hoja yangu ni moja: msiamue kesho ya mtoto kabla hamjajua kilichomwangusha. Kumpeleka kurudia mtihani bila kujua sababu ni kama kurudia dozi ileile bila kumpima mgonjwa.

Tuanze na matokeo yenyewe. Daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama A ni pointi 1, F ni pointi 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 26 hadi 33 ni daraja la nne, 34 na 35 ni sifuri. Kati ya pointi 33 na 34 kuna hatua moja tu katika somo moja. Namba hiyo inaeleza kijana aliandika nini mwezi Novemba. Haielezi kwa nini.

Mzazi, una haki ya kuumia. Huenda uliuza ng'ombe, au bado unarejesha mkopo wa kikoba. Uchungu huo ni wa kweli, ila usimmalizie mtoto. Upeleke kwa mwenzi wako, kwa rafiki, kwa mchungaji au shehe unayemwamini. Maneno yanayosemwa siku ya kwanza ("umetutia aibu", "mtazame mtoto wa baba mdogo") kijana huyabeba miaka mingi. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Nadhani ilifanya vema. Sasa ni zamu ya familia kuacha kupanga watoto kwa nafasi kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Sasa tuje kwenye uvivu. Mimi simwandikii mtu uvivu kwenye cheti. Kijana akiwa hana ari, natafuta mambo yafuatayo, nanyi mnaweza kuanza kuyatafuta nyumbani.

Usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Katika umri huu mwili wenyewe huchelewa kusinzia. Ukiongeza simu chini ya blanketi hadi saa saba usiku, na kuamka saa kumi na nusu kuwahi kifodi, anafika darasani akiwa nusu yupo. Simu zote za nyumbani zilale sebuleni, na ya mzazi pia.

Macho. Asiyeona ubaoni hachoki kunakili kwa jirani, mpaka siku ya mtihani. Kupima macho hakuchukui muda, na miwani imebadilisha maisha ya wengi.

Damu. Binti anayetokwa na damu nyingi ya hedhi anaweza kupungukiwa damu taratibu bila mtu kujua. Huchoka, huumwa kichwa, hashiki anachosoma. Kipimo cha wingi wa damu ni cha kawaida. Kama anahisi baridi kuliko wenzake, ananenepa bila sababu au ana uvimbe shingoni, tezi ya shingo nayo ipimwe.

Lugha na uelewa. Mtoto wa shule ya kawaida ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Wapo ambao hawakuvuka daraja hilo kamwe. Walikaa kimya miaka minne, na kimya chao kikaitwa uzembe. Muulize mwalimu wake wa darasa, na umwombe mtoto akusomee ukurasa mmoja.

Bangi, pombe na kamari. Bangi inayotumiwa mara kwa mara hudhoofisha kumbukumbu na ari, na sisi tunaoishi chini ya mlima huu tunajua haitoki mbali. Uliza bila kutisha. Ukianza kwa kiboko, utapata uongo.

Sonona. Hili ndilo linalonifanya niandike. Kijana akikosa furaha au akiwa mkali karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akaacha mpira, kwaya na marafiki, akabadilika usingizi na hamu ya kula, huyo anahitaji tiba. Sonona ipo, inatibika, na inaweza kuwa ilikuwepo kabla ya mtihani. Matokeo mabaya huwa ni dalili yake ya kwanza kuonekana.

Akisema "bora nisingezaliwa" au "mtapumzika nikiondoka", msichukulie kuwa ni maigizo. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kutua mzigo. Usimwache peke yake, na umfikishe hospitali siku hiyohiyo. Nyumba zetu nyingi huku Meru zina dawa za kunyunyizia nyanya na kahawa. Zifungieni kwa kufuli, ufunguo akae nao mtu mzima. Fanyeni hivyo leo, hata kama hamna wasiwasi na mtoto wenu.

Akishapimwa na kusikilizwa, ari hurudije? Si kwa hotuba. Wazazi wengi husubiri kijana apate hamu ndipo aanze kufanya. Mara nyingi huwa kinyume: hufanya kidogo, akafanikiwa, hamu ikafuata. Aamke saa ileile kila siku, apate jua, atembee. Mpe jukumu moja lenye mwisho unaoonekana: kuku kumi awatunze yeye, au hesabu za duka la mama kila jioni. Mkifuatana njiani kwenda shambani, ongeeni. Vijana husema zaidi wasipotazamwa usoni.

Baada ya hapo ndipo mkae kuamua. Hasira ipoe kwanza, huku mkiangalia tarehe za mwisho za usajili. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kunafaa ikiwa sababu imejulikana na imeanza kurekebishwa. Chuo cha VETA kilichopo Njiro hufundisha hoteli na utalii, kazi zenye soko katika mji huu. Vyuo vingi vya kati hupokea mwenye ufaulu wa masomo manne, ingawa kila fani ina masomo yake ya lazima, kwa hiyo msikatae daraja la nne kabla ya kusoma sifa za kujiunga. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET. Na kijana awepo kwenye kikao hicho, aseme la kwake. Njia aliyochaguliwa akiwa kimya ataiacha katikati, na ada itakuwa imepotea mara ya pili.

Mwenye wasiwasi aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu akiona inafaa atawapa rufaa kwenda hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure nchi nzima, na mzazi pia anaweza kuitumia.

Mtihani unaweza kurudiwa mwaka ujao, na chuo kinaweza kusubiri muhula mwingine. Usiku wa leo, kabla hajalala, mgongee mlango, umuulize amekula nini na anajisikiaje. Kisha unyamaze, umsikilize.