Riwaya Tulizozipa Kisogo

Kuna kauli inayorudiwa katika makongamano, katika dibaji za vitabu na hata katika kurasa za majarida ya fasihi, kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi, na kwamba riwaya yake, kwa uchanga wake, haijajua kuota. Wanasema inazo ndoa zilizovunjika, inao wasichana walioharibikiwa mjini na wakubwa wala rushwa. Lakini haina safari za angani, haina nchi za ajabu, na historia imewaachia walimu wa historia. Anayeyataka hayo, basi na ajifunze Kiingereza. Kauli hii nimeisikia hata nimechoka kuinyamazia. Ni kauli ya uongo, na inaniuma zaidi kwa kuwa miongoni mwa wanaoieneza wamo watu waliopaswa kuwa wa mwanzo kuikanusha, yaani sisi wapenzi wa ushairi.

Naandika kutoka Ikuti, wilayani Rungwe, mahali ambapo bahari tunaijua kwa kuisoma. Huku kwetu yuko kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa Mlima Rungwe walimjua kwa jina na kwa mlio wake, lakini walipomtaja mbele ya wataalamu, wataalamu walidhani huenda wanasimuliwa ngano. Mwaka 2003 watafiti walioamua kuyafuata maneno ya wenyeji wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa ni spishi mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi ya peke yake, iliyobeba jina la mlima wetu, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai wa Afrika tangu 1923. Ikaandikwa duniani kote kwamba kipunji amegunduliwa. Huku mlimani hakuwa amepotea hata siku moja. Waliopotea ni wale waliokuwa hawajauliza.

Riwaya ninazotaka kuzitaja ziko katika hali hiyo hiyo. Zimeandikwa, zimechapishwa, na baadhi yake zimeandikiwa tasnifu. Lakini mpenzi wa kusoma, yule anayekaa barazani baada ya alasiri na kitabu mkononi, hakuambiwa kwamba zipo.

Nianze na dai la kwamba ajabu ni mgeni katika lugha yetu. Wapenzi wa tenzi hawawezi kulisema hilo bila ya kujikana wenyewe. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo, unasimulia katika beti zaidi ya elfu moja vita kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali. Wanahistoria wanatueleza kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirejea bila ya mapigano makubwa. Kwa hivyo malenga wetu alichukua tukio la kihistoria, akalipa majeshi, mashujaa na mapambano kutoka katika bahari ya hadithi, akasimamisha ulimwengu mzima juu ya vina na mizani. Utenzi wa Rasi'lGhuli nao una nguvu hiyo hiyo ya kuchanganya masimulizi ya vita na mambo ya ajabu. Tukiambiwa leo kwamba riwaya ya kihistoria na ya ajabu ni mbegu iliyoletwa na meli kutoka Ulaya, tuulize: basi hiki tunachokighani tangu karne ya kumi na nane ni kitu gani?

Shaaban Robert aliyajua hayo, na ndiyo maana nathari yake haikuanza kwa uhalisia. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi iliyo angani. Wajumbe sita wametumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini kutafuta mema ya kuijenga nchi yao, na kila aliyerudi na habari njema alitiwa kifungoni. Katika Adili na Nduguze liwali mwenye sifa za wema anagunduliwa kuwa huwapiga mijeledi manyani wawili kila usiku, na mfalme anataka kujua kwa nini. Tukamchukua mwandishi huyu, tukamfanya maswali ya mtihani. Mwanafunzi akaambiwa aorodheshe dhamira nne na kuzitolea mifano, hakuambiwa afurahi. Kitabu kilichosomwa kwa hofu ya mtihani hakirudiwi baada ya mtihani, na vizazi kadhaa vimemwacha Shaaban Robert katika dawati la shule pamoja na kalamu zilizokwisha wino.

Ikiwa hayo ndiyo yaliyompata aliye mashuhuri kuliko wote, waliomfuata wangetarajia nini?

Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kufa na watawala wa nchi yake, anatiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani ili akafie huko. Anakimudu chombo, anatua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, na jina la nchi hiyo ukilitamka polepole linakwambia siri yake: wale ni sisi. Hapa pana chombo cha angani, pana ulimwengu mwingine na pana swali juu ya namna binadamu anavyoweza kuishi. Lugha yenyewe imejaa mizaha na misemo ya pwani ya Kenya. Sijui anayesema Kiswahili hakina bunilizi ya kisayansi anataka apewe kipi zaidi.

Mwaka 1990 Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona, na mwaka 1991 Mzingile. Katika ya kwanza msafiri anapita katika mji uliokufa akitafuta ukweli unaomkimbia. Katika ya pili tunafikishwa kwenye dunia iliyokwisha kuteketea. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani ya mwaka 1999, anaivuka ng'ambo ya kifo ili kujadili imani na ukanaji. Said Ahmed Mohamed, mwana wa visiwa hivyo vyenu, alimfufua babu mwaka 2001 katika Babu Alipofufuka, akamleta kumhesabu mjukuu aliyejilimbikizia mali huku watu wakifa njaa. Mwaka uliofuata Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu!, ambamo msimulizi anaizunguka dunia ya utandawazi kama mtu aliyemo ndani ya jinamizi. Hizi ni riwaya sita katika miaka kumi na miwili, kutoka kwa waandishi watano. Lugha isiyojua kuota haiwezi kuota mara sita kwa mfululizo.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba hayo ni mafumbo ya siasa na falsafa, si sayansi wala fantasia halisi. Nami nauliza, ni lini fumbo la siasa lilikatazwa kupanda chombo cha angani? Safari za Gulliver, tulizozisoma kwa Kiswahili tangu zama za mkoloni, ni kejeli ya siasa tangu mwanzo hadi mwisho. H. G. Wells alipomtuma msafiri wake katika wakati ujao alikuwa akizungumzia matajiri na wafanyakazi wa Uingereza ya siku zake. Wageni wanaruhusiwa kuwa na yote mawili, sisi tukiwa nayo tunaambiwa tumekosea mlango.

Litasemwa pia kwamba vitabu hivyo ni vigumu, kwamba ni vya watu wa vyuo vikuu. Hapa nitajitaja, si kwa kujisifu. Elimu yangu ya darasani iliishia darasa la saba; mengine yote niliyapata kwa kamusi na kwa taa ya chemli. Nagona niliisoma mara tatu kabla ya kuthubutu kusema kwamba nimeielewa, na bado kuna kurasa zinazonipita. Lakini hata Inkishafi ilinipita mara ya kwanza, na hakuna aliyeniambia niiweke chini kwa sababu hiyo. Ugumu wa shairi tunauita kina, na ugumu wa riwaya tunauita kosa. Huo ni upendeleo.

Na tuseme kweli, upendeleo huo una historia. Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, bila ya vina wala mizani tulivyovizoea, washairi wengi walimkasirikia. Mimi mwenyewe natunga kwa vina mpaka leo na sioni sababu ya kuviacha. Lakini mlango tuliomfungia kwa ajili ya mashairi, wengi wetu tuliufunga na kwa riwaya zake. Alifariki mwaka 2020, na rambirambi nyingi zilimkumbuka kwa Rosa Mistika, kitabu cha ujanani mwake cha mwaka 1971. Mzingile haikupata hata taarifa ya msiba.

Riwaya ya kihistoria nayo imedhulumiwa kwa namna yake. James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, akisimulia habari za waliotekwa bara, wakapitishwa baharini, wakaja kukaa Freretown karibu na Mombasa. Kitabu hicho kinawasifu Waingereza kuliko wanavyostahiki, nami sitakitetea kwa hilo. Hata hivyo kimeandikwa na mtu aliyetoka katika jamii ya hao walioachiwa huru, na mambo aliyoyasimulia wengi wetu bado tunaona haya kuyasema kwa sauti. Anayekipinga akipinge baada ya kukisoma.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, naye mtu wa kisiwani ingawa kisiwa chake kiko katika maji matamu, aliandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaopendana na wasiopata mtoto. Alimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akakaa akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, baada ya miaka thelathini na mitano. Mwaka uliofuata akafariki. Ndani yake mnatengenezwa pombe, mnavuliwa samaki, wakwe wanamchukua binti yao kwa sababu hajazaa, na mume anatoka kwenda kumkomboa mkewe kwa unyenyekevu ambao sijausoma kwingine. Mimi ni mfasiri, nami najua kazi ya kuhamisha sentensi moja kutoka Kinyakyusa kwenda Kiswahili bila ya kuivunja mgongo. Mzee huyu alihamisha nchi nzima. Ninapotaja jina lake mbele ya watu wanaojua malenga wote wa Lamu kwa nasaba zao, huulizwa: ni nani huyo?

Hata Adam Shafi, ambaye hawezi kuitwa mgeni kwenu, amesomwa nusu. Filamu ya mwaka 2021 iliirudishia Vuta N'kuvute wasomaji, na hilo ni jambo la kheri. Lakini Kuli ya mwaka 1979, juu ya wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948, imebaki katika kivuli. Na Abdulrazak Gurnah ilibidi apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021 ndipo mwaka 2022 Paradise yake ya 1994 itufikie kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mwana wa Unguja alizunguka kupitia Stockholm ili aingie nyumbani kwao.

Kwa nini haya yanikere mzee mmoja wa milimani? Nitaeleza kwa kisa kifupi. Jirani yangu ana kijana aliyekuwa akishinda katika kibanda cha video, kutazama filamu za kigeni ambazo msimulizi huzifasiri papo hapo kwa Kiswahili. Jioni moja alipita kwangu, akanisimulia filamu ya watu waliohamia sayari nyingine, kisha akauliza: "Mzee, hivi sisi hatuna hadithi kama hizi?" Nikaingia ndani, nikamtolea Kusadikika. Akalitazama jalada, akanirudishia. "Hiki ni cha mtihani," akasema.

Nilikasirika, lakini si kwake. Kijana huyo alikuwa na kiu, na msimulizi wa kibandani amemfundisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayari nyingine bila ya kutetereka. Ni sisi, tunaojiita walinzi wa lugha, tuliomfundisha kwamba mambo hayo huja na wageni tu na kwamba kazi yetu ni kuyafasiri. Mtoto anayekua akiamini kwamba kesho yake itaandikwa kwa lugha nyingine, ataiacha lugha yake kwa ajili ya taarabu na matangazo ya misiba.

Basi nawaomba wapenzi wa ushairi jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Mikutano yetu ya kughani iwe na nafasi ya kusomwa kurasa tatu za nathari, na ya kwanza iwe Walenisi. Wahakiki waandike juu ya vitabu hivi kwa ajili ya msomaji anayetafuta raha, si kwa ajili ya msahihishaji wa mitihani. Wachapishaji wavirudishe mtamboni vile vilivyokwisha madukani. Na kila mwenye nakala asiifungie kabatini kwa kuogopa isichakae.

Nakala yangu ya Walenisi haina tena jalada, na ukurasa wa mwisho umeshikwa kwa gundi. Nilimpa yule kijana baada ya kuichomoa kurasa za maswali niliyokuwa nimeyaandika kwa kalamu, asije akadhani ni mtihani mwingine. Aliirudisha baada ya siku tisa, na hakuja peke yake. Alikuja na mwenzake aliyetaka kuiazima.