Daftari la Kuvuka Nalo Mpaka

Usiku wa Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya wakazi wa Goma walikimbilia Gisenyi, nchini Rwanda, wengi kwa miguu, magodoro kichwani na watoto mgongoni, wakielekea kivuko cha mpaka cha Grande Barrière. Seva haibebwi hivyo.

Ndiyo maana ingefaa ofisi za Goma zenye seva ya saraka, ile inayotunza majina ya watumishi na ruhusa zao, ziitoe hifadhidata yake kama faili la maandishi kila wiki. Hifadhidata yenyewe huhitaji programu yake ili isomeke. Faili hilo la maandishi, la LDIF, muundo uliochapishwa rasmi mwaka 2000, hufunguliwa na kihariri chochote: kila mtu na aya yake, mstari mtupu ukiwatenganisha. Kwenye OpenLDAP, programu ya seva ya saraka, amri ni moja tu, slapcat. (Jina lenye é, na Goma majina hayo hayakosekani, hutokea kama msururu wa herufi zisizosomeka, halijaharibika, limesimbwa tu.)

Ila faili hilo hubeba pia nywila, hata kama zimefichwa. Lifungwe kwa ufunguo kabla ya kuvuka, kisha nakala ijaribiwe kwenye seva nyingine, upande wa pili wa kizuizi.