Mtoto wa Ndugu Asiyekwenda Shule

Julai 2022, mwanariadha Mo Farah, yule tuliyemshangilia hapa London kwenye Olimpiki ya 2012 akitwaa dhahabu mbili, alisema hadharani kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Alikuwa na miaka tisa hivi mwanamke asiyemjua alipomleta Uingereza kutoka Djibouti kwa hati zenye jina la mtoto mwingine. Karatasi yenye anwani ya jamaa zake ilichanwa mbele ya macho yake. Akawa wa kufanya kazi za nyumbani na kuangalia watoto wa wenyewe. Miaka ya mwanzo hakupelekwa shule.

Nani kati yetu angeuliza? Tumelelewa na mashangazi, mama wadogo, mabibi. Mtoto wa ndugu kukaa kwetu si habari. Desturi hii naipenda, na ndiyo maana inaniuma kuona inafanywa pazia la kuwatumikisha watoto.

Basi tutazame dalili. Watoto wa nyumba wako darasani, mtoto wa ndugu yuko jikoni. Huamka wa kwanza, hulala wa mwisho. Ukimuuliza kwao wapi, humtazama mwenyeji kwanza, au hujibu kama aliyekaririshwa. Dalili moja haitoshi kumtuhumu mtu, lakini zikikusanyika, usinyamaze. Wala usiseme alikuja kwa hiari yake: kisheria, ridhaa ya mtoto kutumikishwa haihesabiki.

Usiende kugombana na mwenye nyumba, mtoto asije akahamishwa usiku huohuo. Akiwa hatarini, piga 999. Vinginevyo zungumza na mwalimu wake kama yuko shule, ofisi ya ustawi wa watoto ya halmashauri, au shirika la kulinda watoto la NSPCC, 0808 800 5000. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu ya watoto, Childline, bure, 0800 1111. Akikufungulia moyo, msikilize, lakini usimwahidi kuficha.

Wengi wanaogopa kwamba watamfukuzisha mtoto nchini. Alipoanza shule hatimaye, Mo alimweleza mwalimu wake wa michezo, Alan Watkinson, naye akawaita ustawi wa jamii. Mtoto akahamia kwa familia nyingine ya Kisomali. Na alipofichua yote, serikali ilisema haitamchukulia hatua.

Nanyi mnaolea kwa nia njema: mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa kwako siku 28 au zaidi, nawe si mzazi wake wa kambo, babu, bibi, shangazi, mjomba, baba au mama mdogo au mkubwa, wala ndugu yake wa kuzaliwa, halmashauri lazima ijulishwe. Mtoto wa binamu yumo. Wa rafiki yumo. Kama unaye na hujasema, ipigie halmashauri simu wiki hii.