Kamera ya Marehemu Baba

Mwezi huu tuzungumzie kamera kuukuu zinazobaki kabatini mzee anapofariki. Hapa kwetu Majengo, jina “Leica” likionekana juu yake, ndugu huanza kugombania mirathi wakidhani wameokota dhahabu ya Ujerumani.

Tusidanganyike na maandishi. Leica zilianza kuuzwa mwaka 1925. Mwaka 1934 kiwanda cha Kharkiv, nchini Ukraine, kilianza kutengeneza kamera za FED kwa kuziiga. Baadaye wajanja walifuta maandishi ya baadhi yake, wakachonga jina la Leica. Kabla ya kupatana bei, tumwulize fundi anayezijua.

Lakini kubwa zaidi ni filamu. Tusiifungue kamera kwa pupa. Mwanga ukiingia, picha huungua. Tuzungushe polepole kile kidude cha kurudishia filamu. Kikiwa kizito, huenda filamu imo: tuiache ilivyo, tuipeleke kwa mpigapicha anayejua kusafisha filamu. Pengine humo imo sura ya bibi ambaye wajukuu hawakumwona kamwe.

Kamera ina bei yake sokoni, sura ya bibi haina. Tujue kwanza tunachouza.