Mgeni akiondoka, mwenyeji asirudi kuugua

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo ilitimia Lokichoggio, mji mdogo ulioko mbele ya Kakuma ukielekea mpaka wa Sudan Kusini.

Mwaka wa 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali hapo Lopiding ili kuwatibu majeruhi wa vita vya Sudan. Ilianza na vitanda 40. Vita vilipopamba moto iliendelea kupanuliwa, hata ikawa na vitanda zaidi ya 500 pamoja na karakana ya miguu ya bandia. Majeruhi waliletwa kwa ndege. Wenyeji waliopatwa na dharura, wakiwemo waliopigwa risasi katika uvamizi wa mifugo, nao walitibiwa papo hapo badala ya kusafirishwa zaidi ya kilomita 200 hadi Lodwar.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Januari 2005. Mwaka uliofuata hospitali ilikabidhiwa serikali ya Kenya. Pesa, ndege na madaktari wa kigeni wakaenda zao, majengo yakabaki. Lakini majengo hayamtibu mtu, na malaria haikutia saini mkataba wowote.

Wako wanaowalaumu wageni kwa kuondoka. Mimi siwalaumu. Walikuja kwa sababu ya vita, na vita vilikwisha. Kosa ni letu sisi wenyeji. Miaka 19 inatosha kabisa kusomesha wauguzi, kuwaajiri na kutenga fedha za dawa kabla mgeni hajafunga mizigo.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni ya kale. Kambi ya Kakuma imekuwapo tangu 1992, na hospitali yake huwatibu pia Waturkana wanaoishi jirani. Marekani ilipopunguza misaada yake mwaka wa 2025, hofu ya Lopiding ilirudi.

Tangu 2013 afya ni jukumu la kaunti. Basi kila huduma inayoendeshwa kwa msaada iwe na fungu lake katika bajeti ya kaunti tangu mwaka wa kwanza, hata likiwa dogo, na liongezwe kila mwaka. Tumshukuru mgeni akija. Siku akiaga, tuhakikishe kuna muuguzi zamu ya usiku na dawa kabatini.