Aibu ya gari isemwe kabla ya bei

 

Ndugu wasomaji, hivi karibuni, baada ya swala ya Ijumaa hapa Mugeta, muumini mmoja alitusubiri nje ya msikiti. Amejaaliwa fedha kidogo na anataka gari la familia lililokwishatumika, katika yale mafupi yaliyoinuka: RAV4, X-Trail au Escudo. Alitaka tumwambie lipi ni bora. Tulimwomba kwanza asikilize kisa chetu, na leo tunakileta kwenu.

Haja ya magari haya tunaijua. Kiangazi njia zetu za vijijini ni vumbi na makorongo, na masika ni tope linalonasa. Gari la chini hukwaruza tumbo kabla halijafika Bunda. Mengi ya magari haya hutoka Japani, ambako huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi wayauze mapema. Yakifika bandari ya Dar es Salaam hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na kodi ya ongezeko la thamani. Lililotimiza miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu. Mzigo ni mzito, kwa hiyo familia nyingi hununua gari ambalo mtu mwingine hapa nchini amekwishalitumia. Hapo mnunuzi hutegemea ulimi wa muuzaji.

Sisi ndugu watatu tulichanga na kununua RAV4 ya mwaka 2006, injini ya sentimita za ujazo 2,362, kutoka kwa mtu wa Mwanza. Tulimkuta katoka kuswali Adhuhuri, nasi tukaridhika. Injini ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na moshi haukuonekana. Hatukuita fundi, kwani tuliona haya kumpekua Muislamu mwenzetu.

Miezi miwili baadaye, tukiwa Lamadi, taa ya oili iliwaka. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia, kikatoka kikavu, na oili ilikuwa imebadilishwa si zamani. Akatueleza kwamba injini za aina hiyo zilizotengenezwa miaka ile zinajulikana kwa ugonjwa huo. Vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi, ringi zikashindwa kuikwangua, nayo ikaungua pamoja na petroli. Muuzaji akitaka kuficha moshi kwa siku chache, hutia oili nzito. Tulimpigia simu yule bwana. Alisema gari lilitoka kwake likiwa zima, kisha simu yake haikupatikana tena.

Tangu siku hiyo tulibeba lita mbili za oili nyuma ya siti, na kila Ijumaa asubuhi tulipima kabla ya kuwasha. Gari lilitufaa kwa miaka 3. Lilipeleka wazazi hospitali na mama wajawazito usiku wa manane. Kisha tukaamua kuliuza.

Dalali alitushauri tuoshe injini na tutie oili nzito. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa kijiji cha jirani, Mkristo, na tulikwishaafikiana shilingi milioni 16. Usiku wa kuamkia siku ya mauziano tulikaa kikao, mdogo wetu akasema: "Kaka zangu, aliyetuuzia alikuwa wa safu moja nasi, na hakutuambia kitu. Huyu hata msikitini haji. Kwa nini hasara iishie kwetu?"

Swali lile halikuwa jepesi, kwani hata sisi wakubwa tulikwishalifikiria kimyakimya. Lakini tulikumbuka kisa alichokipokea Abu Huraira, kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume (rehema na amani zimfikie) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, akakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hakuuliza mnunuzi atakuwa nani. Oili nzito ndani ya injini inayougua ni nafaka kavu juu ya nafaka mbichi.

Tena wanazuoni wameweka hiari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauziano nayo ilifichika kwake, ana haki ya kurudisha mali. Baadhi ya wauzaji hudhani kusema "nauza kama lilivyo" kunawatoa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, neno hilo halimwokoi anayeijua aibu akainyamazia.

Asubuhi tulimweleza mwalimu yote, tukamwonyesha na chupa ya oili. Alinyamaza kitambo, akaomba aje na fundi wake. Siku ya tatu alirudi na shilingi milioni 14 na nusu. Tulipokea. Mdogo wetu alichukua fungu lake bila neno, na hatutasema kwamba mpaka leo ameridhika. Sisi wakubwa tulikuwa na haja na ile milioni moja na nusu kama yeye, ila hatukuwa na namna ya kuila.

Basi kwa ndugu yetu aliyeuliza, na kwa kila familia inayodunduliza, tunausia haya. Nenda kuliona gari asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe. Liwashe na utazame moshi, kisha liendeshe mpaka lipate moto, usimame na kutazama tena. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua. Chungulia chini uone kutu na mavujo, na ukate kona kali ukisikiliza mlio wa magurudumu ya mbele. Chukua fundi wako, si wa muuzaji. Kumkagua Muislamu mwenzako si kumdhania vibaya, na mkweli hatachukia.

Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi. Uliza kama namba ya gari ina deni la faini za barabarani. Andikeni mkataba wenye mashahidi, na kila kasoro iliyotajwa iandikwe humo, kwani katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah ameamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo watu wanapouziana. Kisha nendeni TRA mhamishe umiliki. Gari linalotembea kwa jina la mtu mwingine huleta mzozo siku ya ajali, na huwasumbua warithi siku ya mirathi.

Nawe unayeuza, usingoje kuulizwa. Sema aibu kwanza, bei ifuate.

Yule mwalimu tunakutana naye barabarani mara kwa mara. Hupunguza mwendo, akatupungia mkono. Nyuma ya siti yake ipo chupa ya oili.